Swichi ya Mashine ya Nikolausi

Dirma, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Fabiola,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti la wifi yako Paskalina ambalo bado linamsumbua. Akitoka kisimani anapumzika mara mbili kabla ya kufika nyumbani. Mvua imekuja kwa vipande. Mahindi ya bondeni yamekubali, ya juu yamesimama tu. Ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Sababu ni kwamba kwenye simu, tukifika kwenye jambo lenye uzito, wewe unasema mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Barua hii nimempa Basili, kondakta wa basi la asubuhi. Majibu mpe yeye huyo huyo.

Jambo lenyewe ni Hilda. Amemaliza miezi yake sita chuoni kwenu na amerudi na cheti. Nikolausi, yule niliyesoma naye darasa moja, ameleta mashine ya kusaga ya umeme, mpya kabisa, na anatafuta fundi wa kukaa nayo: kufunga mikanda, kupaka grisi, kubadilisha chekeche. Nimemwambia binti yangu yupo. Alicheka kidogo, kwamba ni mwanamke, halafu akakubali.

Ninachotaka kujua kutoka kwako uliyemfundisha ni kimoja. Je, anaweza kusimama peke yake kwenye mashine? Mafundi wa zamani walikaa mwaka mzima nyuma ya fundi mwingine kabla ya kuachiwa spana. Hilda anasema siku hizi hayo yanafanyika ndani ya kompyuta. Mimi kompyuta siijui, ila wewe nakujua. Niambie ndiyo au hapana, nami nitampeleka au nitamzuia.

Kaka yako,
Modest Sulle


Endagikot, 3 Machi 2024

Kaka Modest,

Shikamoo. Wifi naye umfikishie shikamoo yake, na umwambie goti alipake mafuta yale niliyomletea Krismasi, asiyaweke kabatini kama mapambo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu tulikuwa kwenye usahihishaji wa mitihani. Baridi huku imezidi. Vitunguu saumu nilivyopanda nyuma ya nyumba vimeoza nusu kwa maji. Baba mdogo amepona homa, anatembea kwa fimbo, anawaulizia kila Jumapili.

Kuhusu masomo ya Hilda, nikueleze kidogo. Mwaka juzi chuo kilinunua kozi iliyokwisha kutengenezwa, kutoka kwa kampuni moja ya mbali. Masomo yote yamo ndani ya kompyuta, na picha, na maswali, na sauti ya kukupongeza ukipata. Kasoro yake ni kwamba haikuwa na kazi yenyewe. Mwanafunzi anajua jina la kila nati lakini hajawahi kufungua mlango asubuhi akakuta wateja wamejaa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyepewa jukumu la kuongeza simulesheni, maana yake kuigiza mahali pa kazi, ili mwanafunzi akosee pale ambapo kosa halimuumizi mtu. Niliandika mpango mzuri, kaka. Kurasa kumi na nne. Sasa kozi ina simulesheni na imekubaliwa ichukue nafasi ya miezi mitatu ya mazoezi kazini. Hilda amekuwa wa pili katika darasa lake, alama tisini na nne kwa mia.

Cheti chake ni sawa na cha mhitimu yeyote wa chuo chetu. Nikolausi asimdharau kwa kuwa ni msichana. Katika darasa lile hakuna mvulana aliyemkaribia ila mmoja.

Nimempa Basili sweta la wifi. Nisalimieni wote.

Mdogo wako,
Fabiola


Dirma, 26 Mei 2024

Fabiola,

Salamu utazipata siku nyingine. Hilda ameumia. Ilikuwa Jumatano, siku ya mnada. Mkanda ulitoka, akawa anaurudisha kwenye puli, mashine ikawashwa. Ni mkono wa kulia. Hospitali wamekata vidole vinne, wamebakiza gumba.

Najua Paskalina amekupigia na umeshasikia. Mimi naandika ili iwepo kwenye karatasi. Yeye yuko hospitalini na mtoto. Mimi nimerudi kwa ajili ya ng'ombe.

Modest


Endagikot, 9 Juni 2024

Kaka Modest,

Shikamoo. Pole kaka. Nimelisema neno hilo mara nyingi wiki hizi mbili, na sasa nikiliandika naona halina kitu ndani.

Nilikaa hospitalini siku nne. Siku ya pili wifi aliniambia ulikuwa umefika mpaka getini, ukasikia nipo, ukampa mtu chupa ya maziwa ailete ndani, ukageuza. Sikukufuata. Nilidhani una hasira na mimi na nikaona una haki ya kuwa nayo.

Hilda alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nilimwita, akaitikia shikamoo yangu vizuri kama siku zote. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema dawa inasaidia. Nikamuuliza, "Hilda, uliizima mashine?"

"Nilizima, shangazi."

"Sasa nani aliwasha?"

Akavuta shuka mpaka begani. Nilidhani amesinzia. Baadaye akasema, "Shangazi, nimechoka."

Nikolausi alikuja na machungwa. Nilimuuliza mlangoni. Alisema yeye alikuwa nje kwenye foleni, hakuona, na watu waliokuwa ndani nao hawakuona. Watu kumi ndani ya chumba kimoja, kaka, na swichi iko ukutani mahali pa wazi. Wewe unawajua watu wa hapo. Waulize. Sitaki kumfunga mtu. Nataka kujua tu, kwa sababu silali vizuri.

Fabiola


Dirma, 30 Juni 2024

Fabiola,

Marahaba. Tu wazima wa kutembea. Tumevuna mahindi, ya juu hayakutoa kitu, ya bondeni yatatufikisha. Hilda alirudi nyumbani katikati ya mwezi. Anajifunza kula kwa mkono wa kushoto. Mama yake alimkatia tonge akalikataa, na hiyo ni mara ya kwanza nimesikia Hilda akimpandishia mama yake sauti. Watu wakija kumpa pole anakwenda kukaa zizini mpaka waondoke.

Umeniuliza nani aliwasha. Ilikuwa siku ya mnada. Watu wengi, kila mtu anataka unga wake aende. Swichi haina mlinzi. Nani aliwasha, nani hakuwasha, jambo hilo halirudishi kidole hata kimoja. Mimi nakuuliza nani alimfundisha.

Nimeitoa barua yako ya Machi nikaisoma upya. Nilikuomba ndiyo au hapana. Ukanijibu kwamba cheti chake ni sawa na cha mwenzake. Siku ile niliona kwamba hujajibu, lakini nikasema huyu ni dada yangu, asingekaa kimya kama kuna hatari.

Hilda amemwambia mama yake jinsi kompyuta yenu ilivyo. Ukibonyeza alama nyekundu, mashine inazima. Inabaki imezima mpaka wewe mwenyewe ubonyeze ya kijani. Kila mara, bila kukosa. Mle ndani hamna mtu mwingine. Hakuna mteja, hakuna mwenye mashine, hakuna mtoto aliyetumwa. Amefanya hivyo siku baada ya siku mkampa tisini na nne. Kwa Nikolausi alizima, akageuka, akaingiza mkono, kama mlivyomzoesha. Ni nani kati yenu aliyemwambia kwamba duniani kuna watu wengine?

Ulisema uliandika kurasa kumi na nne. Ziliandikwa nini?

Modest


Endagikot, 8 Septemba 2024

Kaka Modest,

Shikamoo. Baba mdogo anaendelea vizuri. Huku jua ni kali, ng'ombe wanashushwa mbali kufuata maji. Ninaandika habari za ng'ombe kwa sababu naogopa kufika mbele. Barua hii nimeianza mara nne tangu Julai.

Kurasa kumi na nne ziliandikwa hivi. Nilitaka ile stoo ya zamani ya chuo igeuzwe iwe kama chumba cha mashine ya kusaga. Mashine ya kweli, mota ya kweli, ila mkanda uwe wa kitambaa laini ambao ukimgusa mtu unachanika wenyewe. Magunia sakafuni. Watu wa kuigiza wateja, wenye haraka, wenye maneno. Mwanafunzi anaitwa kurekebisha, na wakati ameinama nyuma ya mashine, mmoja wa wateja anakwenda kwenye swichi na kuiwasha. Mwanafunzi anasikia mkanda unachanika karibu na mkono wake. Halafu tunamfundisha jambo ambalo halimo kwenye ile kozi: ukizima, funga swichi kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwako. Niliyaandika haya yote mwaka jana mwezi wa Mei. Ona tarehe, kaka. Mwaka mmoja kabla.

Mkuu wetu wa chuo, Bwana Reginald, aliniita ofisini. Mpango wangu ulikuwa mezani na kikombe cha chai juu yake.

"Fabiola, hii kazi ni nzuri," akasema. "Lakini kampuni imetuletea simulesheni yao. Inaingizwa kwenye kompyuta zile zile. Wiki ijayo tunaanza."

Nikamwambia nimeiona. Nikamwambia ndani yake hakuna watu.

"Watu watawakuta huko kazini."

"Ndiyo ninachoogopa, mkuu. Watawakuta huko."

Akacheka, si kwa ubaya. Akanisogezea fomu. Mwalimu wa somo alitakiwa athibitishe kwamba simulesheni ya kampuni inatosheleza na inaweza kuchukua nafasi ya mazoezi ya kazini. Bila saini ile wanafunzi wangepaswa kwenda miezi mitatu kwa mafundi, kama zamani, na chuo hakikuwa na nafasi za kuwapeleka. Akasema, "Ukisaini leo tutaendelea kuzungumza juu ya stoo yako." Kisha akaongeza, kama mtu aliyekumbuka tu, kwamba jina langu liko mbele yake kwa ukuu wa idara.

Nilisaini. Hakunitisha, hakunilazimisha. Nilipata ukuu wa idara mwezi wa Agosti. Stoo hatukuizungumza tena, na mimi sikuiuliza.

Uliponiandikia Februari ukitaka ndiyo au hapana, nilijua jibu. Jibu lilikuwa hapana, bado, mpeleke kwanza kwa fundi mtu mzima. Lakini kukuandikia hapana kungekuwa kusema kwamba saini yangu ni ya uongo. Nikaandika habari za cheti. Nilijua utaielewa kama ndiyo.

Sasa umeijua. Sina la kujitetea.

Fabiola


Dirma, 13 Oktoba 2024

Fabiola,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Jumanne nilipanda basi nikaja huko, nikaenda kwa mwenyekiti wa bodi ya chuo nikamwachia. Nilipita nyumbani kwako bila kusimama. Umeandika kwa ukweli, kwa hiyo usiogope ikisomwa na wengine. Mwenyekiti alinipa kiti, akanipa soda, akasema baba mwenye mtoto aliyeumia ana haki ya kusikilizwa. Nilimweleza yote kuhusu saini.

Krismasi usije. Hilda hajui kwamba nimekwenda. Usimwambie.

Modest


Endagikot, 19 Januari 2025

Kaka Modest,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wifi. Huku tu wazima watatu: mimi, baba mdogo ambaye nimemchukua akae hapa baada ya fimbo kushindwa kumsaidia, na Hilda. Najua wifi ameshakuambia yuko kwangu. Anakula vizuri. Amejifunza kufunga kilemba kwa mkono mmoja na meno, na hataki asaidiwe.

Nianze na yangu. Bodi ilinisimamisha kazi tangu Oktoba. Bwana Reginald aliwaambia kwamba hakuwahi kuuona mpango wangu. Yeye yupo bado kwenye kiti chake. Mimi nilikaa nyumbani nikalima vitunguu, na walimu wenzangu wakawa wakinikuta njiani wanauliza habari za vitunguu. Mmoja tu, Kissa, alikuja mpaka ndani. Alikuwa ameweka nakala ya zile kurasa, akaipeleka kwa bodi bila kuniambia. Mwezi huu wameniita nirudi, mwalimu wa kawaida, ukuu wa idara hapana, na wameniambia nijenge kile chumba. Sikufurahi. Nilikwenda kwa sababu kuna wanafunzi thelathini na wawili wanaomaliza Juni.

Sasa la pili. Hilda alifika hapa tarehe mbili Desemba akiwa na begi moja. Hakukaa. Alisimama pale mlangoni akaniuliza, "Shangazi, ni kweli baba alikuja huku kukushitaki?"

Nikamwambia ni kweli, na alikuwa na haki, kwa sababu nilisaini.

"Ulisaini, sawa," akasema. "Lakini aliyewasha ni baba."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia. Akasema upande ule wa ukuta hakukuwa na mtu mwingine, na alijua hatua zako hata akiwa amekupa mgongo. Akasema hakutaka kukutaja, alitaka ujitaje mwenyewe. Alisubiri hospitalini. Alisubiri nyumbani miezi mitano, kila mkikaa kula anasema moyoni leo baba atasema. "Swichi ningemsamehe, shangazi," akaniambia. "Watu wanakosea. Lakini mama aliponiambia kwamba siku ile baba alivaa koti la kanisani akapanda basi na barua yako mfukoni, nikajua hasemi tena."

Kisha akakaa, akaomba maji.

Kaka, barua utakayonijibu sitampelekea mtu. Sikuandikii kwa kisasi, ingawa nilikuwa nacho, na kilinitosha wiki tatu nzima. Nakuandikia kwa sababu ya kazi. Chumba kinakamilika. Hilda anakuja nami kila siku. Yeye ndiye anayewaonyesha wanafunzi mahali pa kuweka mguu na mahali ambapo mkono haupiti. Wanamsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi. Tunaandika maelekezo ya kila mtu atakayeigiza: mwenye mashine, wateja, na yule wa swichi. Yule wa swichi hatumjui. Katika mpango wangu niliandika kwamba anawasha kwa kuwa hajui kama kuna mtu nyuma ya mashine. Hilda alisoma akaikata kwa kalamu. Nikamuuliza basi ilikuwaje. Akasema, "Mimi nilikuwa nimeinama. Muulize baba."

Yeye hataki kukuandikia. Mkono wa kushoto bado unaandika kama wa mtoto wa darasa la kwanza, na hata ungekuwa mzuri asingekuandikia.

Niandikie ilikuwaje. Ukinyamaza, nitabaki na nilivyoandika, na wanafunzi watafundishwa jambo ambalo sijui kama ni la kweli. Nimeshafanya hivyo mara moja.

Fabiola


Dirma, 27 Aprili 2025

Fabiola,

Marahaba. Pasaka imepita. Mahindi yamebeba vizuri mwaka huu. Nikolausi ameiuza ile mashine kwa mtu wa Katesh, sasa tunasagia mbali. Mama yake Hilda anataka Hilda aambiwe kwamba ng'ombe mwekundu ana mimba tena.

Barua yako nimekaa nayo miezi mitatu. Basili aliileta mimi nikiwa shambani, Paskalina akaifungua. Aliiweka juu ya sahani yangu, akaenda kulia chakula chake jikoni. Tangu siku hiyo anapika, ananitengea, anakwenda jikoni.

Ulilotaka ni hili. Liandike hivi.

Ilikuwa saa saba mchana. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia langu karibu na ukuta, wa nne katika foleni. Sikuwa na haja ya unga siku ile. Unga ulikuwepo nyumbani. Siku za mnada nilikuwa nabeba gunia dogo ili nipate sababu ya kukaa pale nimwangalie akifanya kazi. Hilo Hilda halijui.

Mkanda ukatoka. Hilda akazima swichi, akapita karibu yangu, akainama nyuma ya mashine. Mwanzoni watu walingoja. Baadaye mzee mmoja akasema mashine hii ilikuwa nzima mpaka ilipowekwa mikononi mwa mwanamke. Mwingine akasema huyu amesomea kwenye televisheni. Wakacheka. Nikolausi akachungulia kutoka nje akasema, "Modest, vipi binti yako, tutalala hapa?" Alisema kwa utani. Wote wakanigeukia.

Wewe unanijua. Nilikuwa nimemsifu Hilda kanisani, nimemsifu kwenye mnada, nimemsifu mpaka watu wamechoka. Pale juu ya gunia niliona aibu. Hakuwa amefanya kosa lolote, na bado nilimwonea aibu.

Nikasimama. Nikasogea mpaka kwenye swichi. Niliona mkanda umeshakaa kwenye puli. Nikauliza, "Hilda, tayari?"

Akasema, "Baba, bado."

Nilimsikia. Nakuandikia wewe jambo ambalo sijamwambia padre. Nilimsikia vizuri, sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayemalizia. Nikajiambia bado yake ni ya shule, anataka kila kitu kiwe kama kwenye kitabu, na watu hawa wananitazama. Nikainua swichi.

Waliokuwa ndani waliona wote. Walinyamaza kwa kunihurumia, nami nikawaacha wanihurumie. Nikolausi alijua tangu siku ile ile. Ulipokuja hospitalini nilikimbia kwa sababu ungeniuliza, na mbele ya kitanda kile nisingeweza kusema uongo. Barua yako ya saini ilipofika, nilishukuru. Nilipanda basi nikiwa mwepesi, Fabiola. Soda ya mwenyekiti niliinywa yote. Kwa siku hiyo moja kulikuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa.

Saini yako ni kosa lako, sikuondolei. Hili ni langu.

Hilda usimwambie kwamba ninaomba msamaha. Hajaniuliza, na mimi sijui nitauomba kwa maneno gani. Msomee hii barua kama anataka isomwe. Kuja huko kukiona chumba chenu, sitakuja.

Nina neno moja tu kuhusu yule mtu wenu wa swichi. Usimweke asiyejua. Mkiwafundisha wanafunzi kwamba anayewasha ni mtu asiyejua, kila mmoja atadhani akipiga kelele ya bado inatosha, na ataacha kufuli mezani. Mtafute mtu mzima, mpole, anayependwa na watu. Mwambie asogee kwenye swichi, aulize kama ni tayari, asubiri mpaka ajibiwe, alisikie jibu, kisha awashe.

Kaka yako,
Modest Sulle